Ni Nani Anaweza Kukusamehe Kodi ya Komini?



Katika somo la uraia tunarudilia mara nyingi neno moja: kila mutu alipe kodi yake. Ni vizuri. Lakini kuna ulizo ambalo wanafunzi wanauliza pembeni, kengele ikisha kulia: na yule asiye na kitu, je? Anaweza kuomba asilipe? Anaomba kwa nani, na yule anayeombwa anafanya nini na ile barua? Tujifunze jambo hili polepole. Wengi wetu tunafikiri tunalijua kwa sababu tumeona watu sokoni wakibembeleza mutoza kodi. Kubembeleza ni kitu kingine.

Tupatane kwanza juu ya maneno. Komini inapokea feza za namna nyingi: kodi ya meza sokoni (ile tunayoita etalaji), malipo ya vyeti na karatasi za ofisi, malipo ya kutumia sale ao kiwanja. Mutu akishindwa, si lazima aombe kusamehewa yote. Anaweza kuomba apunguziwe, ao alipe kidogo kidogo, ao apewe muda, ao asamehewe tu faini ya kuchelewa na deni lenyewe libaki. Hayo ni maombi mbalimbali, na kila moja lina jibu lake. Anayeandika “munisaidie” bila kusema anataka nini kati ya hayo, barua yake inalala mezani.

Sasa twende sokoni. Tufikiri mama mujane anayeuza sombe na ndagala. Mvua imenyesha tangu asubui, hakuna muteja. Mutoza kodi anafika na kitabu chake cha kitansi. Mama anasema: “Baba, leo sijauza kitu, unihurumie.” Mutoza kodi anatazama kushoto na kuume, kisha anajibu: “Basi mama, leo nimekusamehe. Unipe nusu tu, tusiandike.” Mama anashukuru sana. Wale wa meza za karibu wanasema huyu mutoza ni mutu muzuri.

Je, mama amesamehewa? Hapana. Ile nusu haikufika kwenye kasa ya komini, imeingia mufukoni. Mama hana kitansi, basi mbele ya sheria hakulipa kitu na hakusamehewa kitu. Saa nane akipita mutoza mwengine, mama atalipa tena, na yote. Na mama wa meza ya pili, ambaye naye hakuuza lakini anaona haya kubembeleza, yeye amelipa kodi nzima. Tena kuna jambo baya zaidi: mutoza sasa anajua kwamba mama huyu anakubali mambo yasiyoandikwa. Kesho atarudi. Ninyi munaotumwa sokoni na wazazi munaijua habari hii kuliko mimi, basi siongezi.

Juu ya nini mutoza kodi hana uwezo wa kusamehe? Kwa sababu feza si yake. Na hapa watu wengi wanashangaa: hata burugumestri, mukubwa wa komini, hana uwezo huo kwa mapenzi yake peke yake. Katiba ya inchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006, artikeli ya 174, inasema mambo matatu yanayofuatana: kodi inawekwa kwa sheria tu, kuchangia mizigo ya serikali ni wajibu wa kila mutu anayeishi katika Kongo, na kusamehewa ao kupunguziwa kodi kunawezekana kwa nguvu ya sheria tu. Neno hilo la tatu ndilo somo letu. Burugumestri akitaka kuwasamehe wajane wote wa soko, atafute kwanza mahali sheria inapomupa njia, kisha aandike uamuzi wenye sahihi na muhuri, ambao mama anaweza kumuonyesha mutoza ye yote.

Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 ilipanga kazi ndani ya komini. Baraza la komini linazungumza mambo na kupitisha bajeti. Burugumestri, musaidizi wake na eshevini wawili wanatekeleza. Ni vizuri kwenye karatasi. Lakini raia walingoja sana: ni tarehe 20 Desemba 2023 tu ndipo washauri wa komini walichaguliwa kwa mara ya kwanza tangu sheria ile, na hata hivyo katika sehemu ya komini, si zote. Pahali pasipo baraza, maombi yanaishia kwa mutu mumoja aliyeteuliwa. Na mutu mumoja, munaelewa, ana ndugu, ana watu wa kwao, ana rafiki ya shemeji yake. Wote wanajua nyumba yake. Mujane wa sombe haijui.

Kuna malipo mengine ambayo haifai kuyaombea musamaha hata kidogo, kwa sababu sheria imekwisha kuyasamehe. Mufano mukubwa ni kuandikisha mutoto. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mutoto imeweka kwamba mutoto aandikishwe katika siku 90 tangu kuzaliwa, na kuandikishwa huko ni bure. Muzazi anayekwenda siku ya 60 na kuinama mbele ya karani, “naomba munisamehee, bwana mukubwa”, anaomba kitu kilicho chake. Aseme tu: siku 90 hazijapita. Lakini zikipita, mambo yanageuka. Sharti kwanza hukumu ya tribinali, na njia hiyo ina gharama, ina safari, ina “rudi kesho”. Mimi naona ni hapa maskini wanapoteza feza nyingi, na mara nyingi si kwa ubaya wa mutu, ila kwa kutokuangalia kalenda. Wengi kati yenu muko na wadogo wachanga nyumbani. Muhesabu siku leo jioni, musingoje likizo.

Na yule aliyepitisha siku 90, naye hana kitu? Iko karatasi inayoitwa kwa Kifaransa attestation d'indigence, yaani cheti cha umaskini. Mara nyingi inaombwa komini, katika ofisi ya mambo ya kijamii. Shefu wa kartie anaulizwa: mutu huyu unamujua? Anaishi namna gani? Ana wangapi wa kulisha? Kisha cheti kinapelekwa tribinali, na ni juji anayekata neno kama gharama zinaondolewa. Muangalie vizuri: komini inashuhudia umaskini, haiamuru tribinali. Na kwa hospitali ni vilevile: cheti kinafungua mulango wa mazungumzo, lakini chenyewe hakilipi dawa. Na ofisi inayomulipisha mutu feza ya cheti cha kusema kwamba hana feza, mimi sijui nitaiita jina gani.

Tusifikiri lakini kwamba kila ofisi inayokataa haina huruma. Tupige hesabu. Tuseme soko lina meza 400, na kila meza inalipa falanga 500 kwa siku. Ni 200,000 kwa siku, na kwa siku 26 za soko ni 5,200,000 kwa mwezi. Tuseme sasa wamama 60 wamesamehewa. Komini imepoteza 30,000 kila siku, ni 780,000 kwa mwezi. Ni mushahara wa wafagiaji, ao mafuta ya gari la takataka. Takataka ikibaki pale na mvua ikinyesha, wa kwanza kuugua ni watoto wa wale wamama 60. Basi karani anayejua kazi yake anauliza: mutu huyu ameshindwa kweli, ao amechoka kulipa? Ni kwa mwezi huu, ao kwa siku zote? Kesho wakija wengine kumi wa namna yake, tutawajibu nini? Ulizo hilo la mwisho linaua maombi mengi, na si ulizo baya.

Majirani wanafanya namna gani? Katika Kenya, katiba ya 2010, artikeli ya 210, inakataza kusamehe kodi pasipo sheria. Inaamuru tena kwamba kila musamaha uandikwe katika daftari ya wazi pamoja na sababu yake, na habari yake ipelekwe kwa mukaguzi mukuu wa hesabu. Sheria ya feza ya 2012 inaweka mashariti ya namna hiyo kwa kodi na ada za kaunti. Na hakuna mukubwa wa serikali anayeweza kuondolewa kodi kwa ajili ya cheo chake. Ninapenda ile daftari. Musamaha ukiandikwa na sababu yake, mutu anaweza kuhesabu: wajane wangapi, na wenye magari wangapi.

Afrika ya Kusini ilishika njia nyingine. Tangu 2001 serikali ilipanga kila nyumba ipate litre 6,000 za maji bure kwa mwezi, kisha tangu 2003 umeme wa kilowati-saa 50 kwa nyumba za maskini. Ofisi za miji zinaweka daftari ya maskini: aliyeandikwa anapata bila kuandika barua kila mwezi, asiyeandikwa analipa. Njia hii inapunguza kubembeleza. Lakini sharti mutu akubali jina lake liingie katika daftari ya maskini, na munawajua wazee wetu: wengine watachagua kiu kuliko haya hiyo.

Turudi kwetu, kwa barua yenyewe. Iandikwe kabla ya siku ya kulipa, maana kwa kawaida kuomba hakusimamishi deni. Iseme jina, avenyu na namba ya nyumba, kartie, ni malipo gani, ni feza ngapi, sababu ni nini, na mwombaji anaweza kutoa kiasi gani. Huyu wa mwisho watu wanamusahau, lakini aliyeandika “nitalipa nusu mwezi huu na nusu mwezi ujao” anasikilizwa kuliko anayelia tu. Barua iwe mbili. Moja inabaki kwa sekretaria. Ya pili inapigwa muhuri na tarehe na namba, nawe unarudi nayo. Pasipo muhuri ule, baada ya wiki mbili utaambiwa barua haikufika, na hutakuwa na neno la kusema. Shefu wa kartie atatumwa kuuliza nyumbani. Asiitiwe chai ya kumufunga kinywa, aonyeshwe hali ilivyo. Jibu likija, liwe la maandishi, hata likiwa la kukataa. Na kama umepunguziwa, ukilipa kile kidogo udai kitansi ya kile kidogo.

Kazi kwa kalasi ya 5 na ya 6. Komite ya wanafunzi inataka kutumia sale ya komini siku ya Jumamosi kwa mchezo wa teatre, na inaomba kusamehewa malipo ya sale. Watu wataingia kwa tiketi, na feza za tiketi zitanunua madaftari ya wanafunzi yatima. Kalasi ya 5 iandike barua. Kalasi ya 6 ni ofisi: ijibu kwa maandishi, kukubali, kukataa ao kupunguza, na iseme sababu ambayo itafaa pia kwa yule atakayekuja kesho na orkestra ya kuuza bia katika sale ileile. Karatasi zifike kwangu Ijumaa kabla ya saa sita. Ya kuchelewa sitaipokea, isipokuwa kwa barua, nakala mbili.