Je, Jua Hupiga Kura?

Katika duru ya pili ya uchaguzi wa rais, tarehe 29 Oktoba 2006, Kivu zote mbili, Maniema na Katanga zilimchagua Kabila. Kinshasa na Équateur, Bemba. Mnajimu mwenye mzaha angesema: jua linakotangulia, Kabila hushinda. Kila digrii ya longitudo ni dakika 4. Adhuhuri ya Goma huitangulia ya Kinshasa kwa dakika 56 hivi.

Lakini Kasai zote mbili, zinazofuata saa ya Lubumbashi, zilimchagua Bemba. Basi jua halipigi kura.

Na lugha je? Kasai ya Ciluba ilikubaliana na Kinshasa ya Lingala. Kabla ya kusema Kiswahili kilimchagua Kabila, tuulize: ni sababu, au ni jirani tu wa sababu, kama vita vilivyoiumiza mashariki?