Kompyuta Isiwe Hakimu: Somo la Viambishi ka- na tu- Darasani

Utangulizi

Makala haya yanahusu kompyuta moja, darasa la wanafunzi 54 na kosa nililolifanya katika mazoezi yangu ya kufundisha hapa Lubumbashi. Nimewaandikia wenzangu wa kitivo watakaoingia darasani mwaka huu, pamoja na wahadhiri watakaowasimamia. Swali langu ni hili: kompyuta ikiingia katika somo la Kiswahili, nani anauliza na nani anajibu?

Nilipewa darasa la sekondari, sehemu ya ualimu. Wengi wa wanafunzi wale watafundisha shule ya msingi. Sheria ya elimu ya taifa ya mwaka 2014 inataka lugha za taifa zitumike kufundishia na pia zifundishwe kama somo. Kwetu Katanga lugha hiyo ni Kiswahili. Basi mtazamo watakaoupata vijana hawa juu ya Kiswahili ndio watakaoupeleka kwa watoto wa miaka sita.

Kosa langu

Siku ya kwanza niliwaomba waandike aya moja juu ya asubuhi nyumbani kwao. Nilichapa aya tatu, nikazionyesha ukutani kwa projekta, kisha nikawasha kisahihishi cha tahajia. Nilidhani kila mmoja angeona makosa yake bila mimi kupaza sauti. Aya ya msichana mmoja ilianza hivi: «Mama anapika bukari, batoto banacheza mu lupango, katoto kamoja kanalia.» Isipokuwa maneno mawili ya kwanza, karibu yote yalipigwa mstari mwekundu. Darasa likacheka. Msichana akafunga daftari lake, na kesho yake akaniletea mstari mmoja tu, kwa Kifaransa.

Mwalimu mwenyeji wa darasa hakunigombeza. Aliniuliza tu: «Mwalimu, ‹katoto kamoja kanalia› ina kosa gani la upatanisho?» Sikuwa na jibu, kwa sababu haina. Nomino, kivumishi na kitenzi vyote vimebeba ka-. Kisahihishi kile kilitengenezwa kwa orodha ya maneno ya Kiswahili sanifu. Mstari mwekundu maana yake ni «neno hili halimo katika orodha yangu». Mimi niliuacha usomwe kama «mama yako hajui kusema».

Somo la pili

Nilizima kisahihishi, nikabadili kazi ya mashine. Haya ndiyo tuliyoyafanya:

1. Wanafunzi walijigawa katika vikundi tisa vya watu sita. Kila kikundi kilileta kisa kimoja kilichosimuliwa nyumbani, kikiandikwa kama kilivyosemwa.

2. Kila kikundi kilikichapa kisa chake kwa zamu, baada ya masomo. Visa vyote tisa tuliviweka katika faili moja.

3. Darasani, mwanafunzi mmoja alikaa kwenye kompyuta. Wengine waliamua nini kitafutwe. Tulianza kwa kutafuta nafasi tupu ikifuatiwa na ka-.

4. Mashine ilileta kila kitu: katoto, kanyumba, kamoja, kanalia, lakini pia kazi, kama, kaka, kalamu, karibu na kabisa. Wanafunzi walitakiwa kuyapanga katika mafungu matatu: nomino za udogo, maneno yanayopatana nazo, na maneno mengine.

Hatua ya nne ndiyo moyo wa somo. Kwa kompyuta, ka- ni herufi mbili tu. Haijui kiambishi wala mzizi. Ili kuamua, wanafunzi walibuni kipimo chao: geuza kimoja kiwe vingi. Katoto hugeuka tutoto, kanyumba hugeuka tunyumba; lakini kazi haigeuki *tuzi. Hapo hata waliokuwa kimya walianza kubishana.

Kisha tukatafuta tuna-. Kijana mmoja akagundua kwamba katika «tutoto tunalia» na «sisi tunalia» kitenzi ni kilekile. Mashine iliileta mifano yote pamoja bila kutofautisha. Ilibidi tusome sentensi nzima ili tujue nani analia.

Katikati ya kazi umeme ulikatika na projekta ikazimika. Betri ya kompyuta ilikuwa bado na nguvu, hivyo mwanafunzi aliyekaa mbele alisoma sentensi kwa sauti na wenzake wakaziandika kwenye vipande vya karatasi, wakavipanga juu ya madawati. Somo halikufa, kwa kuwa swali lilikuwa tayari mikononi mwao.

Kutoka nyumbani hadi kwenye sanifu

Baada ya hapo ndipo nilipoileta sanifu. Katika sanifu udogo huonyeshwa kwa ki- na vi-: kitoto kimoja kinalia, vitoto viwili vinalia. Ka- na tu- ni ngeli za 12 na 13 katika hesabu ya ngeli za Kibantu. Kiluba na Kibemba vinazo pia. Kwa hiyo katoto si kitoto kilichoharibika. Ni umbo la Kibantu lililo hai katika Kiswahili cha hapa. Wanafunzi waliandika aya zao upya kwa safu mbili, ya nyumbani na ya sanifu, wakieleza kila badiliko. Msichana yule alijaza ukurasa mzima.

Sidai kwamba sanifu iachwe. Mtihani unaitaka, vitabu vinaitumia, na ndiyo inayotuunganisha na wasomaji wa Bujumbura na Dar es Salaam. Ninachosema ni kwamba mwanafunzi huivuka daraja vizuri zaidi akijua anakotoka.

Kwa anayetaka kuendelea

Programu ya AntConc ya Laurence Anthony hupatikana bure, hufanya kazi bila intaneti baada ya kusakinishwa, na hupanga mifano ya neno pamoja na muktadha wake. Kuna pia Kopasi ya Kiswahili ya Helsinki, lakini imejengwa hasa kwa maandishi ya sanifu, na lupango yetu haitasikika sana humo. Kwa Kiswahili cha mji wetu, tunayo historia ya Elisabethville aliyoiandika André Yav mwaka 1965 kwa niaba ya watumishi wa nyumbani, na ambayo Johannes Fabian aliichapisha mwaka 1990.

Hitimisho

Shule yenye kompyuta moja inaweza kufundisha lugha kwa kompyuta, mradi mwalimu aamue kwanza nani mwenye swali. Mashine ikusanye mifano, mwanafunzi achambue, mwalimu aongoze. Kabla hujaonyesha kazi ya mwanafunzi ukutani, jiulize kama mstari mwekundu utakaotokea unaweza kuueleza kwa kanuni ya sarufi. Kama huwezi, zima kisahihishi kwanza.