Nowak ni Mgeni

Jamani wanajumuiya, hapa Randburg ninapopanga, jirani yangu anaitwa Nowak. Nikadhani Mjerumani. Kumbe jina la Kipolandi, linatokana na neno "nowy", yaani "-pya": zamani mtu akihamia kijijini, ndivyo alivyoitwa. Leo linaongoza kwa wingi kati ya majina ya ukoo Polandi, watu kama 200,000. Si tunao akina Mgeni pwani?

Na Wapolandi walishakuwa wageni wetu: kuanzia 1942, wakimbizi wapatao 5,000 walihifadhiwa Tengeru, karibu na Arusha. Makaburi yao yapo hadi leo.

Mimi hapa Johannesburg naitwa mkwerekwere, neno linalouma, hasa tangu mashambulizi ya Alexandra 2008. Nilipomweleza jirani, akasema, "Basi wewe pia Nowak."