KIKANYAGIO CHA BREKI KIKIWA LAINI
Jinsi ya Kutambua Ila na Kuiondoa

1. Kwa nini jambo hili ni kubwa. Mkulima mwenye motakaa ya kuchukulia mazao yampasa kuzijua breki zake kama ajuavyo makali ya jembe lake. Atokaye Lushoto na shehena ya kabichi na viazi kwenda Mombo hushuka karibu mita 1,000, kwa njia ya kona nyingi, mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Breki ikikosa mahali kama hapo, hapana nafasi ya kujaribu tena. Basi ila ya breki na itafutwe nyumbani, gari likiwa tupu, kabla ya kupakia gunia hata moja.

2. Breki hufanyaje kazi. Ukikanyaga, kikanyagio husukuma pistoni ndani ya silinda kuu, ambayo mafundi huiita masta. Pistoni husukuma mafuta ya breki katika mabomba membamba hata kwenye magurudumu, na huko pedi hubana diski, au viatu vya breki hubana ngoma. Mafuta hayabonyei, kwa hiyo nguvu ya mguu hufika yote. Lakini hewa hubonyea. Ukitaka kuona, twaa bomba la kuchanjia mifugo lisilo na sindano, livute hewa, uzibe tundu kwa kidole na kusukuma: litaingia, kisha litarudi. Lijaze maji bila kuacha hewa, ufanye vivyo hivyo: halitaingia. Kikanyagio laini ni kama lile bomba lenye hewa.

3. Kutambua ila. Egesha gari mahali tambarare, uzuie magurudumu kwa mawe, uzime injini. Kanyaga breki mara kadhaa, halafu angalia dalili hizi:

(a) Kikanyagio chabonyea kama godoro, lakini ukikanyaga upesi upesi mara tatu au nne chapanda na kuwa kigumu zaidi. Yamkini hewa imo katika mabomba. Lakini kama huenda chini sana kisha chawa kigumu bila kubonyea, huenda viatu vya breki vimelika au viko mbali na ngoma. Vikazwe au vibadilishwe.

(b) Ukikanyaga na kushikilia, chazidi kushuka polepole. Mafuta yavuja. Tazama upande wa ndani wa kila gurudumu, maungio ya mabomba, na chini ya masta. Pakiwa pakavu kote, yamkini mipira iliyo ndani ya masta imechakaa, na mafuta yarudi nyuma bila kuonekana.

(c) Ni kigumu asubuhi, lakini chawa laini katika mteremko mrefu. Mafuta yamechemka. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani mwaka baada ya mwaka. Mafuta mapya ya alama ya DOT 4 hayapaswi kuchemka kabla ya joto la digrii 230. Yakiisha kunyonya maji kiasi cha 3.7 kwa mia, yaweza kuchemka kwa digrii 155. Mvuke wake hubonyea kama hewa. Dawa ni kuyabadilisha yote. Watengenezaji wengi wa magari huagiza hivyo kila miaka miwili.

(d) Mwenzako akanyagapo, mpira wa breki wavimba mkononi mwako. Mpira huo umechoka, uondolewe.

4. Tafuta chanzo kwanza. Hewa haiingii bila njia. Ama mafuta yalipungua mno katika chombo chake, ama bomba lilifunguliwa, ama pana mahali pavujapo. Atoaye upepo asizibe tundu ni kama atekaye maji kwa pakacha. Masta au bomba likiwa bovu, litengenezwe na fundi kwanza.

5. Kutoa upepo. Kazi hii yataka watu wawili, spana, mpira mwembamba uonyeshao ndani, chupa safi, na mafuta mapya ya alama iliyoandikwa juu ya kifuniko cha chombo. Magari mengi huanzwa kwa gurudumu lililo mbali na masta, kisha lifuatalo, hata la karibu. Lakini kitabu cha gari kikiagiza vingine, kifuatwe.

Jaza chombo. Chomeka mpira juu ya parafujo ya kutolea upepo, ncha ya pili izame katika mafuta kidogo chupani. Mwenzako akanyage polepole na kushikilia. Legeza parafujo; mafuta na mapovu yatatoka. Ikaze kabla hajainua mguu, la sivyo hewa itarudi ndani. Rudia mpaka mapovu yaishe. Ongeza mafuta mara kwa mara, maana chombo kikikauka kazi yote huanza upya. Gari lenye breki zinazoongozwa kwa umeme ili magurudumu yasikwame huenda likahitaji chombo maalumu cha fundi.

6. Makatazo. Usitie kamwe mafuta ya injini wala dizeli: huharibu mipira yote ya breki. Usirudishe mafuta yaliyotoka. Usitumie chupa iliyokaa wazi. Mafuta ya breki hula rangi ya gari; yakimwagika, osha kwa maji mara moja.

7. Kujaribu. Injini ikiwa imezimwa, kikanyagio kiwe kigumu kwa mkanyago wa kwanza. Washa injini huku ukikanyaga. Kikishuka kidogo tu, hiyo si ila, ni msaada wa injini katika magari mengi. Kisha endesha polepole penye uwanja, gari likiwa tupu, na kusimama mara kadhaa. Kikiwa bado laini, gari lisitoke.

Wako madereva wakanyagao breki mara mbili mbili na kusema, "Yashika bado." Hiyo si tiba, ni kuficha ugonjwa. Mlimani shuka kwa gia ndogo, ili injini isaidie kuzuia gari na breki zisipate joto kupita kiasi. Kabichi zikichelewa siku moja, hasara yake yahesabika. Gari likitumbukia bondeni na watu wake, hasara hiyo hailipiki.