Shamba linalopumzika si ardhi tupu

Watu wa vijiji vya kandokando ya Lubumbashi, njia ya Kipushi na njia ya Kasenga, wanajua desturi hii: mtu hukata miti, huchoma, hulima mtama na muhogo miaka michache; udongo ukichoka, huuacha pori lirudi. Shamba limelala, lakini lina mwenyewe.

Bulamatari hakuliona hivyo. Amri ya 1 Julai 1885 ilisema ardhi isiyo na mtu ni ya Serikali. Mwaka 1900 ikaundwa Comité Spécial du Katanga, nayo ndiyo iliyouza na kupangisha ardhi huku. Amri ya 3 Juni 1906 iliwaachia wenyeji ardhi waliyokaa, waliyolima au waliyotumia kwa desturi zao. Maneno mazuri, lakini pori lililorudi juu ya shamba mara nyingi lilihesabiwa kuwa tupu. Amri ya 31 Mei 1934 ikaagiza wenyeji waulizwe kwanza.

Sheria ya 20 Julai 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya Serikali. Mtu alipewa haki ya kuitumia, akalipa kodi. Kwa kawaida alianza kwa kupangishwa, si zaidi ya miaka 3. Akiisha kulima au kujenga kama alivyoahidi, aliweza kupata mkataba wa miaka isiyozidi 25, wenye kufanywa upya.

Lakini kwa ardhi ya shambani, uchunguzi ulitangulia. Mtumishi wa Serikali afike penyewe, aone mipaka, aandike watu waliopo na kazi zao, miti na mito, asikie wenye kulalamika, hata wasemao kwa mdomo tu. Hapo ndipo penye neno.

Basi, mkisikia anakuja, msimwache aende na mkubwa wa kijiji peke yake. Waende wazee, na wanawake pia, maana wao ndio wajuao shamba la muhogo la mwaka juzi. Mwonyesheni visiki vya shoka, matuta ya kale, miembe, makaburi, mahali mnapookota uyoga. Tajeni jina la aliyelima na mwaka wake, na majina yaandikwe mbele yenu. Kijana ajuaye kusoma ausome mukanda kwa sauti kabla mtu hajaweka kidole. Msingoje. Kwa sheria ile ya 1973, hati ikiisha miaka 2, haki ya aliyepewa haikuvunjwa tena. Aliyeonewa aliachiwa kudai fidia tu.