Mgeni wa Muhula Mmoja



Zamani mtu aliposema kwamba mwanawe amekwenda kusoma Ulaya, ilifahamika kwamba kijana huyo ameagwa kwa machozi, na kwamba hataonekana tena ila baada ya miaka mitatu au minne, na pengine zaidi. Siku hizi iko safari ya namna nyingine. Mwanachuo hubaki kuwa mwanafunzi wa chuo chake cha nyumbani, akaenda kusoma muhula mmoja tu katika chuo cha nchi nyingine, yaani miezi minne au mitano, kisha akarejea kumaliza shahada yake palepale alipoianzia. Wazazi wengi huuliza, na wana haki ya kuuliza: muda mfupi kama huo wafaa nini? Je, aweza mtu kujifunza jambo la maana kwa wenyeji katika miezi isiyotosha hata kukomaza shamba la mihogo?

Swali hili si la kupuuzwa. Safari ya namna hii hugharimu fedha, hata ikiwa ipo ruzuku, na hugharimu pia muhula ambao haurudi tena. Kwa hiyo yafaa tulitazame jambo lenyewe lilivyo, wala tusiridhike na picha nzuri zilizomo katika matangazo ya vyuo.

Kwanza ifahamike kwamba desturi hii haikuanza jana. Mwezi wa Julai 1923 wanachuo wanane wa Chuo Kikuu cha Delaware, huko Marekani, walipanda meli kwenda Ufaransa pamoja na mwalimu wao, Raymond Kirkbride, ambaye alikuwa ameijua nchi ile akiwa askari katika Vita Kuu ya Kwanza. Walianzia mji wa Nancy ili kunyoosha lugha, kisha wakaingia Paris kwa masomo, nao walikaa katika nyumba za Wafaransa. Mpango ule ulikuwa wa mwaka mzima. Vyuo vingine viliiga. Lakini kadiri safari zilivyozidi kuwa rahisi, ndivyo mwaka ulivyokatwa ukawa muhula, na muhula kwa wengine ukawa wiki chache. Leo Wamarekani wanaokaa ugenini mwaka mzima ni wachache sana kati ya wote wanaotoka.

Kwa upande wa Ulaya habari yake ni ya ajabu kidogo. Mwaka 1958 msichana wa Kiitalia, Sofia Corradi, alirejea Roma kutoka Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, alikopata shahada ya pili katika sheria. Alipokiomba chuo chake cha Roma kiyahesabu masomo yale, alikataliwa, tena kwa dharau, kana kwamba alikuwa ametoka matembezini. Yeye hakunyamaza. Kwa miaka mingi aliandika na kubisha hodi katika ofisi za wakubwa, akitaka kwamba masomo ya ugenini yahesabiwe nyumbani. Mwaka 1987 nchi za Jumuiya ya Ulaya zikaanzisha mpango uitwao Erasmus, na katika mwaka ule wa kwanza walisafiri wanachuo 3,244 kutoka nchi 11. Baada ya hapo wamesafiri mamilioni, na bibi huyo akapewa jina la Mama Erasmus. Tangu mwaka 2015 mlango umefunguliwa hata kwa wanachuo wa mabara mengine, Afrika ikiwemo, mradi chuo chao na chuo cha Ulaya viwe na mapatano. Basi jambo hili lamhusu hata msomaji aliye Dodoma au Kampala.

Sasa turudi kwenye swali la wazazi. Mwaka 1955 mtaalamu mmoja wa Norwe, Sverre Lysgaard, alichapisha uchunguzi wake juu ya Wanorwe zaidi ya 200 waliopata kukaa Marekani kwa masomo na kazi. Alikuta kwamba waliokaa chini ya miezi sita walijiona wako vizuri. Waliokaa baina ya miezi sita na miezi kumi na minane ndio waliokuwa na upweke na manung'uniko. Na waliopita muda huo walitulia tena, wakawa na rafiki wa kweli. Watafiti waliofuata wamekuta kwamba si kila mtu hupita njia hiyo, kwani wako ambao dhiki huwakumba katika wiki za kwanza kabisa. Hata hivyo hesabu ya Lysgaard yatupa jambo la kutafakari. Mwanachuo wa muhula mmoja hurudi nyumbani katika mwezi wa tano! Yaani hufunga mizigo yake kabla ya kufika mahali ambapo ugeni huanza kuuma, na mbali sana na mahali ambapo ugeni huisha. Picha ya nchi anayokuja nayo ni picha ya miezi ya asali.

Wazee wetu waliliona jambo hili bila ya kuchunguza watu mia mbili. Walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi hudhani kwamba maneno hayo ni ya kumsimanga mgeni. La hasha! Mwenye kupewa jembe amehesabiwa kuwa mtu wa nyumba. Aendelee kupewa wali na kuku sebuleni, naye atabaki mtu wa sebuleni, hajui hata jikoni kunapikwaje. Maoni yangu ni kwamba muhula mmoja waweza kufaa sana, lakini kwa sharti moja: mgeni asingoje mwezi wa sita ndipo apewe jembe. Aliombe mapema.

Tuchukue mfano wa Ujerumani, ambako wanachuo wengi wa kigeni huenda. Muhula wa baridi huanza mwezi wa Oktoba, na mihadhara huendelea mpaka Februari. Mgeni aliyekwisha kupata chumba hutakiwa kwenda ofisi ya serikali katika muda wa wiki mbili kuandikisha makazi yake, na asipofanya hivyo mambo mengine mengi hukwama. Akitazama ratiba ya masomo ataona saa nne imeandikwa pamoja na herufi c.t. Hayo ni maneno ya Kilatini, na maana yake ni kwamba mhadhara utaanza saa nne na robo. Robo saa hiyo ni desturi ya kale ya vyuo vyao. Lakini pakiandikwa s.t., basi ni saa nne kamili, na mwenye kuchelewa atapita mbele ya macho ya watu wote. Mhadhiri akimaliza, wanafunzi hawapigi makofi. Hugonga meza kwa vifundo vya vidole, na mgeni asiyejua hudhani kwamba wamekasirika. Siku ya Jumapili maduka karibu yote hufungwa. Asiyenunua mkate Jumamosi huijutia hali hiyo mara moja tu katika maisha yake.

Kisha lipo giza. Mjini Berlin, mwishoni mwa Desemba, jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi, na huzama kabla ya saa kumi jioni. Mwanachuo Mwislamu ataona kwamba adhuhuri, alasiri na magharibi zote zaingia katika muda wa saa nne hivi, na kwamba mhadhara mmoja mrefu waweza kumpitishia sala nzima asipojipangia mapema. Mwezi wa Juni mambo hugeuka, jua likakaa mpaka saa tatu na nusu usiku. Kwetu sisi tuliozoea jua lenye kushika zamu yake mwaka mzima, giza lile la mchana huchosha moyo kuliko baridi yenyewe, na wengi wametaabika nalo pasipo kujua kwamba ndilo lililowataabisha.

Katika hali hiyo mgeni hutafuta faraja, na faraja iliyo karibu ni wageni wenzake. Katika bweni lake mna Mhispania, Mkorea, Mturuki na Mbrazili, wote wa muhula mmoja kama yeye, wote wako huru, na wote husema Kiingereza cha kuokoteza. Masomo aliyochagua nayo ni ya Kiingereza. Jioni hufungua simu yake, akazungumza na mama na kaka zake nyumbani kana kwamba yuko mtaa wa pili. Mwanafunzi wa mwaka 1923 alingoja barua kwa siku nyingi, na katika siku hizo hakuwa na budi kuzungumza na mwenye nyumba. Wa leo aweza kumaliza miezi mitano bila ya kumjua Mjerumani hata mmoja kwa jina lake la kwanza. Sisemi kwamba urafiki wa wageni kwa wageni ni mbaya. Wengine huudumisha maisha yao yote, na una mafunzo yake. Lakini mtu asirudi akasema, "Nawajua Wajerumani."

Naye Mjerumani asilaumiwe upesi. Kijana wa pale amekwisha kuwa na rafiki zake tangu shule ya watoto, naye ajua kwamba mgeni huyu Februari ataondoka. Kwa nini afungue moyo wake kwa miezi mitano? Ndiyo sababu mlango wa mbele mara nyingi ni mgumu, na yafaa kupita mlango wa uani. Nchi ile ina vyama vilivyoandikishwa zaidi ya 600,000: vya kuimba, vya mpira, vya bustani, vya kupanda milima, hata vya watu wa kujitolea kuzima moto. Mgeni akijiunga na chama kidogo cha mtaani, haulizwi maoni yake juu ya Afrika. Huambiwa apange viti, abebe meza, na siku ya tamasha alete keki ya kuuza. Hilo ndilo jembe. Mtu aliyepanga viti pamoja na wazee wa mtaa kwa Jumanne kumi na mbili amejifunza Kijerumani ambacho hakimo vitabuni, na amejua watu wale hucheka kwa sababu gani.

Tena tusiwatazame wanaotoka kwetu tu, bali na wanaokuja. Chuo Kikuu cha St. Lawrence, kilichoko Canton katika jimbo la New York, kimekuwa kikileta wanachuo wake Kenya kwa muhula tangu miaka ya 1970. Hujifunza Kiswahili, hukaa kwa siku kadhaa katika nyumba za watu wa shamba na kisha za watu wa Nairobi, na mwishoni kila mmoja huenda kufanya kazi chini ya wenyeji katika shughuli aliyoichagua. Mpango huo haukuachia bahati suala la jembe. Kijana aliyezoea kuamka saa mbili huona mama wa nyumba amekwisha kuwasha moto na kuchota maji. Akikaa kitako ataletewa chai kwa heshima zote. Akiinuka kushika ndoo, hata akimwaga nusu njiani na watoto wakamcheka, siku ya pili ataitwa kwa jina. Hata saa zetu humfundisha unyenyekevu: akiambiwa aje saa tatu, akaja alasiri, atakuta watu wamekwisha kutawanyika, maana yeye huhesabu kutoka usiku wa manane nasi twahesabu kutoka macheo.

Wenyeji pia wana sehemu yao. Ukarimu wetu wa pwani na bara una kasoro hii, kwamba twamwonea haya mgeni, hasa mweupe, tusimtume dukani wala tusimkosoe anaposema vibaya. Twadhani twamheshimu, kumbe twamnyima kile alichokifuata. Ukiwa na mwanachuo nyumbani mwako kwa wiki tatu, mpe mchele auchambue siku ya tatu.

Kurudi nako kuna uzito wake. Mwaka 1963 John na Jeanne Gullahorn, wataalamu wa Kimarekani, walionyesha kwamba mwenye kutoka ugenini hupatwa nyumbani na taabu inayofanana na ile ya kwenda. Watu humwuliza juu ya theluji, humwuliza zawadi, na kwa dakika tano husikiliza; kisha mazungumzo hugeukia bei ya unga. Yeye amebadilika kidogo, na hana wa kumweleza alivyobadilika. Wazazi wampe muda, na wasidhani kwamba kimya chake ni majivuno.

Limebaki jambo moja, nalo ni la karatasi. Yaliyompata bibi Corradi mwaka 1958 hayajaisha kabisa duniani. Katika mpango wa Erasmus muhula mmoja kwa kawaida huhesabiwa krediti 30, na kabla ya kuondoka huandikwa mapatano ya masomo yenye sahihi tatu: ya mwanachuo, ya chuo chake, na ya chuo kinachompokea. Humo hutajwa kila somo atakalosoma kule, na kila somo litakalohesabiwa huku. Mara nyingi akifika hukuta somo moja limefutwa au saa zake zagongana na za jingine, akachagua la badala. Hapo mapatano hayana budi kubadilishwa kwa maandishi, na sahihi zote tatu zitiwe upya, angali bado yuko kule. Mwalimu wa nyumbani akimwambia kwa simu kwamba asiwe na wasiwasi, amwombe kwa adabu aandike hivyo.