Nani alaumiwe pikipiki inapopita gari?

Swali: Msomaji wa Nakuru anasema mwendesha bodaboda alikuwa akilipita gari, dereva akakata kulia. Je, anayepita ndiye mkosa siku zote?

Jibu: Hapana. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Kenya, Sura ya 26, kinairuhusu mahakama kugawa lawama, na fidia ya aliyeumia hupunguzwa kwa kadiri ya kosa lake.

Kwanza hutazamwa dereva: aliangalia kioo cha pembeni? Indiketa aliiwasha mapema, au tayari anakata? Kisha mwendo wa pikipiki, na kama ilipita kwenye makutano.

Kesi mbili za Mahakama ya Rufaa ya Uingereza zinaonyesha uzito wa mazingira. Mwaka 1966, mwendesha pikipiki aliyepita foleni akagongana na gari lililotoka barabara ya kando. Akabebeshwa asilimia 80. Mwaka 2006, mwenzake aliyepita foleni vilevile alikatiwa njia na gari lililogeuza ghafla. Taa ya pikipiki iliwaka, nafasi ya kukwepa hakuwa nayo. Dereva akabeba lawama yote, na kwa haki kabisa.

Mashahidi na picha za eneo zikusanywe mapema, kabla alama za matairi hazijafutika.